Kibuyu na Birika: Ardhi, Chakula na Siasa katika Nchi ya Chai ya Kericho na Bomet

Kaunti za Kericho na Bomet, zilizoko magharibi mwa Bonde la Ufa nchini Kenya, zinajulikana duniani kwa zao moja, nalo ni chai, na katika siasa za Kenya zinajulikana kwa suala moja, nalo ni ardhi. Mambo hayo mawili yameandikwa sana, ila kwa kawaida kila moja limeandikwa kivyake: wachumi wamefuatilia bei na tani, wanasheria wamefuatilia hati na mikataba ya kukodisha, na mambo ya jikoni yameachwa kando kana kwamba hayana historia. Hata hivyo, vyombo viwili vinavyopatikana karibu katika kila nyumba ya eneo hili, yaani kibuyu cha maziwa yaliyogandishwa na birika la chai, vinasimulia mabadiliko yale yale ya umiliki, kazi na mamlaka. Chai iliingia katika nchi hii kwa kuwapunguzia watu malisho, kisha ikaingia majumbani mwao ikiwa kinywaji kisichonyweka bila maziwa ya ng'ombe wale wale, na safari hiyo ndiyo inayofuatiliwa hapa.

Nchi ya ng'ombe na wimbi

Wenyeji wa eneo hili ni Wakipsigis, kundi kubwa kuliko yote miongoni mwa jamii zinazoitwa kwa pamoja Wakalenjin, ingawa jina hilo la pamoja, lenye maana ya "nakuambia", lilienea katika miaka ya 1940 tu, wakati vijana waliosoma walipoanza kutafuta sauti moja ya kisiasa kwa watu wenye lugha zinazokaribiana. Kabla ya hapo wageni waliwaita Walumbwa, jina ambalo lilibandikwa hata kwenye kituo cha reli cha Lumbwa, kinachoitwa Kipkelion siku hizi. Wenyewe walijitambua kwa koo zao, kwa marika yao, na kwa kokwet, yaani ujirani wa maboma kadhaa ambao wazee wake waliketi pamoja kuamua kesi za mipaka, mahari na mifugo iliyopotea. Hapakuwa na mfalme wala chifu. Mtu aliyekaribia kuwa na mamlaka mapana alikuwa orkoiyot, mtabiri wa ukoo wa Talai, ambaye aliombwa ushauri kuhusu mvua na vita, akaheshimiwa na kuogopwa kwa kiasi kile kile.

Sehemu za juu za nchi hii zimeinuka kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nazo hupata mvua karibu mwaka mzima kwa sababu unyevu unaopanda kutoka Ziwa Victoria hukutana na hewa baridi ya milima ya Mau, na mara nyingi mvua hiyo hunyesha alasiri ikiandamana na mawe. Kwa mfugaji, hali hiyo ya hewa ilikuwa na maana ya majani mabichi yasiyokatika. Ng'ombe hawakuwekwa wote katika boma moja: mtu mwenye kundi kubwa aliwagawa miongoni mwa marafiki na ndugu wa mbali, hivi kwamba ugonjwa au uvamizi ukitokea upande mmoja, upande mwingine ungebaki na mbegu ya kundi jipya, na kila aliyetunza ng'ombe wa mwenzake alipata maziwa yake. Kwa njia hiyo maziwa yalikuwa chakula, na papo hapo yalikuwa kamba iliyowaunganisha watu waliokaa mbali.

Mlo wa kawaida ulikuwa kimnyet, yaani ugali wa wimbi, ulioliwa pamoja na maziwa au mboga za kienyeji kama mgagani na mnavu, na mara chache nyama au damu iliyotolewa kwenye shingo ya ng'ombe bila kumuua. Wimbi hilo hilo lilitoa pombe, ambayo wazee waliinywa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, na kukaribishwa kwenye chungu hicho kulikuwa cheo kamili, kwa kuwa mazungumzo ya kokwet yalimalizikia hapo.

Juu ya vyote ulikuwa mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, na utayarishaji wake unastahili kuelezwa hatua kwa hatua. Kibuyu, ambacho kwa Kikipsigis huitwa sotet, hukaushwa, hutolewa mbegu na kusafishwa kwa maji ya moto. Kisha kijiti cha mti uitwao itet, au senetwet, huchomwa mpaka kiwe kaa, na kaa hilo hutumbukizwa kibuyuni likiwa bado jekundu, likasagwa na kusambazwa kwa sosiot, ufito mrefu ambao ncha yake hufanya kazi ya brashi, mpaka ukuta wote wa ndani utandwe na unga mweusi laini. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa humo, kibuyu kikafunikwa kwa kifuniko chake cha ngozi na kuwekwa mahali penye baridi kwa siku kadhaa. Siku ya kufunguliwa hutikiswa kwa nguvu, na kinachotoka ni maziwa mazito ya rangi ya kijivujivu yenye ladha ya moshi. Kazi hiyo yote ilikuwa ya wanawake, na kwa desturi maziwa yaliyokamuliwa jioni yalihesabiwa kuwa yao, jambo ambalo litaonekana kuwa na uzito mkubwa mara tu zao la fedha litakapofika.

Reli, msafara wa adhabu na uhamisho

Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu ikipitia ukingoni mwa nchi ya Wakipsigis, na mwaka uliofuata eneo hilo, ambalo Waingereza walikuwa wamelihesabu kuwa sehemu ya Uganda, lilihamishiwa katika himaya ya Afrika Mashariki iliyokuja kuwa Kenya. Mpaka uliochorwa upya ulileta watawala wenye nia mpya, kwa maana reli ilikuwa imegharimu fedha nyingi na serikali ilitafuta walowezi wa kuilima ardhi ili treni zipate mzigo. Mwaka 1905 Wakipsigis wa Sotik walituhumiwa kuwavamia Wamasai na kuwachukulia ng'ombe, na walipokataa amri ya kuwarudisha, walitumiwa msafara wa adhabu, kama Waingereza walivyouita, chini ya Meja Pope-Hennessy. Watu wengi waliuawa, maboma yakachomwa na maelfu ya ng'ombe wakatekwa. Katika mwaka huo huo, upande wa kaskazini, Koitalel arap Samoei, orkoiyot wa Wanandi, alipigwa risasi na afisa Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitishwa kwa jina la amani.

Baada ya vita, ardhi ya Sotik iliyokuwa kati ya Wakipsigis na Wagusii ilianza kugawiwa walowezi, na watu waliokuwa wakichunga hapo wakageuka kuwa maskwota, yaani watu walioruhusiwa kukaa na mifugo michache juu ya ardhi iliyokuwa yao kwa sharti la kumfanyia mlowezi kazi. Ukoo wa Talai ulitazamwa kuwa chanzo cha ukaidi. Mwaka 1914 ndugu yake Koitalel, Kipchomber arap Koilegen, aliyekuwa orkoiyot wa Wakipsigis, alihamishiwa Fort Hall, ambayo ndiyo Murang'a ya leo, akafia uhamishoni. Miaka 20 baadaye, serikali ilitunga sheria mahususi ya kuwaondoa watu wa ukoo huo wote, wanaume, wanawake na watoto, na kuwapeleka Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali penye mbung'o na malaria. Ni nadra kukuta sheria ya kikoloni iliyouadhibu ukoo mzima kwa kuutaja, nayo iliwaacha watu wa Talai bila ardhi hata waliporudi Kericho wakati wa kukaribia uhuru.

Kitani kwanza, chai baadaye

Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1903 huko Limuru, karibu na Nairobi, na kwa muda wa miaka 20 ilibaki kama mmea wa bustani na majaribio. Kilichoifungulia Kericho mlango ni Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 kutoka katika hifadhi ya Wakipsigis, yaani sehemu ambayo serikali yenyewe ilikuwa imeahidi kuwaachia wenyeji, na kuwapa maafisa wa Kiingereza waliopata ulemavu vitani. Maafisa hao walipanda kitani, mmea ambao nyuzi zake hufumwa nguo, kwa kuwa bei yake ilikuwa imepanda sana wakati wa vita, lakini bei hiyo ilianguka ghafla na mradi ukafa kabla ya miaka mingi kupita. Ardhi haikurudishwa kwa waliokuwa wameondolewa.

Katika miaka ya 1924 na 1925 kampuni mbili za chai zilijichimbia hapo: Brooke Bond ya Uingereza na James Finlay ya Glasgow, ambayo iliendesha kazi zake kwa jina la African Highlands Produce Company. Kampuni hizo zilikuwa na uzoefu wa mashamba ya India na Sri Lanka, iliyoitwa Ceylon wakati huo, nazo zilitambua mara moja kwamba udongo mwekundu wenye tindikali, mvua ya kila alasiri na baridi ya usiku ni mambo ambayo mchai huyapenda kuliko mmea mwingine wowote. Sheria ya ardhi ya 1915 ilikuwa imeruhusu walowezi kukodishwa ardhi kwa miaka 999, na kwa mtu wa kawaida muda huo ulikuwa sawa na milele. Msitu na malisho vikafyekwa, na pahali pake pakaenea zulia la kijani lililokatwa sawasawa kama meza, na majina ya Kikipsigis kama Jamji, Chagaik, Kerenga, Changoi na Saosa yakawa majina ya mashamba na viwanda.

Mwafrika hakuruhusiwa kupanda chai. Mwaka 1933 nchi zilizozalisha chai kwa wingi zilikubaliana kupunguza upandaji ili bei isianguke, na makoloni ya Afrika Mashariki yalipojiunga na mpango huo, leseni za kupanda zikawa chache na zikabaki mikononi mwa kampuni. Hoja iliyotolewa ni kwamba mkulima mdogo angeharibu sifa ya chai kwa kuchuma majani mabovu. Hoja ambayo haikusemwa sana ni kwamba mtu mwenye zao lake mwenyewe hana haja ya kwenda kuchuma la mwingine.

Kambi, posho na santuri

Hitaji la wachumaji lilikuwa kubwa, lakini Wakipsigis wengi, maadamu walikuwa bado na ng'ombe na sehemu ya ardhi, hawakuharakia kazi ya kuchuma kwa mshahara mdogo. Kodi ya nyumba, ambayo ilipaswa kulipwa kwa fedha taslimu, iliwasukuma baadhi yao, na kipande, cheti cha kazi ambacho mwanamume alikivaa shingoni kwa lazima, kiliwazuia kuhamahama. Hata hivyo, sehemu kubwa ya wafanyakazi ilitoka kwa majirani, yaani Wagusii, Wajaluo na Waluhya. Walikaa katika kambi, safu za nyumba ndogo zilizojengwa na kampuni katikati ya mashamba, chini ya usimamizi wa nyapara, na kwa kuwa hawakuwa na lugha moja ya mama, Kiswahili kikawa lugha ya mizani, ya zamu na ya ugomvi.

Kambi zilileta chakula chake. Kampuni zilitoa posho, yaani kipimo cha unga wa mahindi, na Wakipsigis, ambao hawakutaka kuchuma chai, waliona katika midomo ya wafanyakazi hao soko. Walinunua majembe ya kukokotwa na maksai, wakafungua mashamba ya mahindi, na katika miaka ya 1930 na 1940 walijenga kando ya mito vinu vilivyoendeshwa kwa nguvu ya maji ili kusaga unga wa kuuza. Matokeo yake yalionekana kwenye sahani zao wenyewe: ugali wa wimbi, ambao hapo awali ndio uliokuwa kimnyet halisi, ulianza kusukumwa kando na ugali mweupe wa mahindi, na wimbi likabaki kuwa nafaka ya pombe, ya uji na ya sherehe. Wafanyakazi wa kutoka ziwani walileta mazoea ya kula samaki na omena, vitu ambavyo mfugaji wa Kikipsigis hakuvizoea, na kambi zikawa pia mahali pa busaa na chang'aa, ambazo ziliuzwa kwa vikombe na kunywewa bila mzee wa kuamua nani aketi wapi.

Pamoja na unga na sukari, maduka ya vijijini na nyumba za wamisionari zilileta gramafoni. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo yake ya kurekodi, alifika Kapkatet na kukuta wasichana wakiimba kuhusu kiumbe aitwaye Chemirocha, ambaye sehemu ya mwili wake ilikuwa ya binadamu na sehemu ilikuwa ya mnyama. Jina hilo lilikuwa la Jimmie Rodgers, mwimbaji mzungu wa jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, aliyefariki mwaka 1933 na ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vilima vya Kericho. Sauti yake ya kupandisha na kushusha kooni ilikuwa ngeni kiasi kwamba wasikilizaji walimpa nafasi katika ulimwengu wa hadithi zao na kumwimbia kwa chepkong, kinubi cha nyuzi. Tukio hilo huonyesha jambo linalojirudia katika historia ya eneo hili, kwamba kitu kigeni hakikataliwi wala hakipokewi kizima, bali hupewa jina la nyumbani na kutiwa katika chombo kilichokuwapo. Chai nayo ilisubiri zamu yake.

Uhuru, majimbo na kiwanda cha mkulima

Marufuku dhidi ya Mwafrika kupanda chai ilianza kulegezwa katika miaka ya 1950, si kwa huruma bali kwa hofu ya vita vya Mau Mau dhidi ya ukoloni. Mpango wa Swynnerton wa 1954, uliopewa jina la afisa wa kilimo aliyeuandika, ulikusudia kuunda tabaka la wakulima wadogo wenye hati za ardhi na mazao ya biashara, kwa matumaini kwamba mtu mwenye shamba la kupoteza hataingia msituni. Mwaka 1960 iliundwa mamlaka ya kusimamia mazao maalumu ya wakulima hao, na mwaka 1964 ikageuzwa kuwa KTDA, shirika la maendeleo ya chai ambalo lilipaswa kumpa mkulima mdogo miche, ushauri, usafiri na kiwanda.

Siasa za wakati huo ziliendana na hofu ya ardhi. Taaitta arap Toweett, mwanasiasa na mwanaisimu wa Kikipsigis, aliongoza Kalenjin Political Alliance, chama kilichoungana na vingine mwaka 1960 kuunda KADU, ambacho kilidai majimbo, yaani mfumo wa serikali za mikoa zenye mamlaka yake, hasa juu ya ardhi. Hesabu yake ilikuwa wazi: mlowezi akiondoka na serikali ya Nairobi ikagawa ardhi kama ipendavyo, jamii ndogo zingeweza kuona ardhi iliyochukuliwa kwao ikienda kwa jamii kubwa. KADU ilivunjwa mwaka 1964 na kumezwa na KANU, chama tawala, na majimbo yakafutwa. Mashamba mengi ya mchanganyiko ya walowezi yaligawanywa na kuuzwa, lakini mashamba makubwa ya chai hayakuguswa, kwa kuwa serikali mpya ilihitaji fedha za kigeni zilizotokana nayo. Mkipsigis aliyepata uhuru alipata pia ruhusa ya kupanda chai, ila aliipanda kwenye robo ekari au nusu ekari, upande wa pili wa ua wa shamba ambalo babu yake aliliita malisho.

Namna jani linavyosafiri hueleza muundo mzima wa mamlaka. Mchumaji huchuma majani mawili na kichipukizi chake, akiyatupa kwenye kikapu kilichoning'inizwa mgongoni, na kabla ya mchana kumalizika hulazimika kuyafikisha kwenye kituo cha kununulia majani, kibanda kilicho kando ya barabara ambapo karani hukagua, huyatoa yaliyokomaa kupita kiasi, hupima na kuandika kilo. Lori likichelewa, majani hupata joto na kuharibika, na hasara huwa ya mkulima. Kiwandani, iwe ni Litein, Kapkatet, Mogogosiek au Kapkoros, majani hunyaushwa, husagwa na kuviringishwa kwa mashine, huachwa yabadilike rangi kuwa ya shaba, kisha hukaushwa, hupangwa kwa madaraja na kupelekwa kwenye mnada wa Mombasa, uliohamia huko mwaka 1969 kutoka Nairobi. Mkulima hulipwa malipo kidogo kila mwezi kwa kila kilo, na baada ya mwaka wa hesabu kufungwa, mwezi wa 9 au wa 10, hupokea malipo ya pili, ambayo kila mtu huyaita bonasi. Kiwanda ni kampuni yenye wakurugenzi wanaochaguliwa na wakulima wenyewe, na uchaguzi huo hushindaniwa kwa ukali ambao wakati mwingine haupungui ule wa udiwani, kwa sababu kiwango cha bonasi ndicho kinachoamua iwapo karo italipwa.

Mfumo huo ulibadilisha pia mizani ya ndani ya nyumba. Nambari ya mkulima iliandikishwa kwa jina la mwenye hati ya ardhi, ambaye kwa kawaida alikuwa mume, ilhali palizi na uchumaji vilifanywa kwa kiasi kikubwa na mke na watoto. Watafiti waliokaa Kericho katika miaka ya 1980 na 1990 walikuta ndoa ambamo mke, alipoona fedha za chai hazimfikii, aliyaacha majani yakomae mtini na kuelekeza nguvu zake kwenye mboga, kuku na maziwa, vitu ambavyo mapato yake yalikuwa bado yake. Maziwa ya jioni yakawa, kwa namna hiyo, uwanja wa majadiliano kati ya mume na mke.

Birika linavyoingia nyumbani

Chai nzuri ya Kericho ilikuwa ya kusafirishwa, na kwa muda mrefu mwenyeji alikunywa kilichobaki. Hata baada ya uhuru, mkulima aliyeuza majani mabichi asubuhi alinunua dukani pakiti ya majani makavu jioni. Mwaka 1977 KTDA ilianzisha Ketepa, kampuni ya kufungasha chai yenye kiwanda chake mjini Kericho, ambayo chai yake ya Fahari ya Kenya ilienea nchi nzima. Ndipo jani lililochumwa kilomita chache kutoka jikoni lilipoanza kurudi jikoni humo kwa utaratibu, ingawa kwa njia ya mashine, pakiti na duka.

Lilipofika, lilipikwa kwa namna ya nyumbani. Chai ya Kericho na Bomet haiandaliwi kwa kumwagia majani maji ya moto na kuongeza tone la maziwa: maji na maziwa hutiwa sufuriani karibu kwa kiasi kimoja, vikachemshwa pamoja na majani na sukari mpaka vifure, vikachujwa na kumiminwa kwenye birika au chupa ya chai. Sukari yenyewe kwa miaka mingi ilitoka mabondeni, katika viwanda vya Muhoroni na Chemelil, vilivyo chini ya mteremko tu, katika eneo ambalo mpaka wake na Kericho umekuwa chanzo cha ugomvi wa mara kwa mara. Chai isiyo na maziwa huitwa ya rangi, au turungi, na kumpa mgeni chai ya namna hiyo huonekana kama kukiri kwamba boma halina ng'ombe. Heshima iliyokuwa ikipimwa kwa kibuyu ilihamia birikani bila kubadilisha kipimo, kwa maana kinachoangaliwa bado ni maziwa.

Kibuyu hakikuondoka. Kilipanda cheo. Mursik ulihama kutoka mlo wa kila siku na kuingia katika sherehe: ndoa, tohara, mazishi ya wazee, na mapokezi ya wanariadha, ambao hunyweshwa kibuyuni mbele ya kamera wanaporudi na medali. Wanasiasa walielewa lugha hiyo mapema. Rais Daniel arap Moi, Mkalenjin kutoka Baringo aliyeshika madaraka mwaka 1978, alianzisha mwaka 1979 mpango wa kuwagawia wanafunzi wa shule za msingi maziwa ya bure, ambayo kizazi kizima kinayakumbuka kwa jina la maziwa ya Nyayo, na mwaka 1986 serikali yake ikaanzisha maeneo ya chai ya Nyayo, mikanda ya michai iliyopandwa pembezoni mwa misitu ili kuzuia watu wasiingie ndani. Maziwa na chai vikawa vyombo viwili vya utawala mmoja, kimoja cha kulea na kingine cha kuweka mpaka.

Mipaka mipya na madai ya zamani

Bomet ilitengwa na Kericho kuwa wilaya mwaka 1992, katika mwaka ambao siasa za vyama vingi zilirudi na umwagaji wa damu ukaandamana nazo. Mapigano ya kikabila yaliyozuka Meteitei, katika wilaya ya Nandi, Oktoba 1991, yalienea hadi mpaka wa Kericho, na maneno ya majimbo yaliyokuwa yamelala tangu 1964 yaliamshwa na wanasiasa waliowatia watu hofu ya wageni. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 hali ilikuwa mbaya zaidi: wafanyakazi wa mashamba ya chai kutoka jamii nyingine, wakiwamo watu waliozaliwa kambini, walishambuliwa na kufukuzwa. Baadhi yao waliishtaki Unilever, iliyokuwa imeinunua Brooke Bond mwaka 1984, katika mahakama za Uingereza, lakini kesi hiyo ilitupiliwa mbali mwaka 2017 na rufaa ikashindwa mwaka 2018.

Katiba ya 2010 ilirudisha kwa sura nyingine baadhi ya yale ambayo Toweett alikuwa ameyadai. Kericho na Bomet zikawa kaunti zenye magavana na mabunge yake, na ardhi iliyokodishwa kwa wageni ilipunguziwa muda usiozidi miaka 99. Bomet ilimchagua Isaac Ruto kuwa gavana wake wa kwanza mwaka 2013, na mwaka 2017 ikamchagua Joyce Laboso, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana nchini, ambaye aliingia siasani baada ya dada yake Lorna kufariki pamoja na waziri Kipkalya Kones katika ajali ya ndege mwaka 2008, naye mwenyewe akafariki akiwa madarakani mwaka 2019. Katika Kericho, gavana Paul Chepkwony aliyafanya madai ya ardhi ya Wakipsigis na Watalai kuwa kazi ya kaunti: Tume ya Taifa ya Ardhi ilikiri mwaka 2019 kwamba dhuluma ilitendeka, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza mwaka 2021, na mwaka 2022 malalamiko yalipelekwa kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Wakati madai hayo yakisonga polepole, mashamba yenyewe yalibadilisha wamiliki. Biashara ya chai ya Unilever iliuzwa mwaka 2022 kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC, na mwaka 2023 Browns Investments ya Sri Lanka ilinunua mashamba ya Finlay kwa makubaliano kwamba asilimia 15 ya hisa zingetengewa jamii ya eneo kupitia ushirika. Mwezi wa Mei mwaka huo huo umati wa watu uliteketeza mashine za kuchumia chai katika mashamba ya Kericho, kwa sababu mashine moja hufanya kazi ya wachumaji wengi na vijana waliona kwamba ajira, ambayo ndiyo fidia pekee waliyoizoea, nayo inaondolewa. Wakulima wadogo kwa upande wao walilalamika kwamba bonasi ya viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa ni ndogo kuliko ile ya viwanda vya mashariki, na kila mwisho wa mwaka wa hesabu ulinganisho huo hugeuka kuwa suala la kitaifa.

Chakula chenyewe hakikubaki salama. Mwezi wa Septemba 2011 ugonjwa hatari wa mahindi, unaosababishwa na virusi viwili vinavyoshambulia kwa pamoja na kukausha mmea kabla haujazaa, uligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini huko Longisa, Bomet, na wakulima wa sehemu za chini za kaunti hiyo, ambako chai haistawi, walilazimika kwa misimu kadhaa kununua unga. Mahindi, yaliyoingia eneo hili kama biashara ya kuwalisha wachumaji, yalikuwa yamekuwa tegemeo ambalo kukosekana kwake kuliitwa njaa, na wazee walikumbuka kwamba wimbi halikuwa na ugonjwa huo.

Anayetazama boma la mkulima mdogo wa Konoin au Bureti leo huona historia hiyo yote katika ekari mbili. Michai imejaza sehemu kubwa ya shamba. Kando yake kuna ukanda wa mahindi na kitalu cha mnavu. Pembezoni, pale ambapo mchai hauwezi kupandwa, kuna nyasi za napia zinazokatwa na kupelekewa ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa waliofungwa zizini, kwa kuwa malisho ya wazi hayapo tena. Maziwa ya asubuhi huenda kwenye ushirika au kwa wachuuzi, na ya jioni hubaki. Na bonasi inapotoka, baada ya karo kulipwa na deni la duka kufutwa, kinachobaki kikitosha hununuliwa mtamba. Jani lililochukua mahali pa ng'ombe ndilo linalomrudisha, mmoja mmoja, nyuma ya nyumba.